Kuchagua Shahada ya Michezo na Burudani Wakati Huna Mtaji wa Kukosea

Nimekulia Mbagala. Leo naratibu michezo ya wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Kunduchi. Kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na hawakosi wawili watatu ambao kozi yao haiwafikishi wanakotaka kwenda. Akili wanazo, walichagua kwa kusikia jina. Mtoto wa mwenye duka Kariakoo akikosea kozi, anarudi dukani. Sisi hatuna duka, kwa hiyo fuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Anza na tangazo la kazi

Kabla hujagusa orodha ya vyuo, fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, hata ya miaka iliyopita. Tafuta Afisa Michezo, Afisa Utamaduni, Afisa Utalii, halafu walimu. Kila nafasi ina sehemu ya sifa za mwombaji, na humo shahada zinatajwa kwa majina. Nakili majina hayo kwenye daftari neno kwa neno. Serikalini mtu huajiriwa kwa muundo wa utumishi, yaani waraka unaotaja sifa za kila cheo, kwa hiyo jina lililo kwenye cheti chako lina uzito kuliko unavyodhani.

Mimi nililipia somo hili. Cheti changu cha kwanza kilikuwa na jina refu la kupendeza, burudani na usimamizi wa sijui nini. Nikaomba kazi halmashauri, hata kwenye usaili sikuitwa. Kijana niliyekuwa namfundisha kuogelea, mwenye shahada ya elimu ya michezo, akaitwa.

Ukimaliza serikali, pitia matangazo ya hoteli, jimu na shule za kimataifa za Masaki na Oysterbay. Huko wanauliza zaidi unaweza nini: kuogelea, huduma ya kwanza, Kiingereza cha kuongea na mgeni bila kutetemeka.

Hatua ya 2: Tafuta shahada yenye milango miwili

Kwa mtoto wa maskini, napendelea michezo iliyoshikana na ualimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Mhitimu wa fani hiyo anaweza kufundisha darasani, kufundisha timu, au kushika jimu. Utalii mtupu unategemea msimu. Mwaka 2020 korona ilipokata wageni, sisi wa hotelini tulirudishwa nyumbani bila mshahara, na rafiki yangu mwalimu ndiye aliyenikopesha kodi ya nyumba.

Moyo wako ukiwa kwenye utalii, soma, ila hakikisha mtaala una uhasibu na masoko ya kutosha. Na asikudanganye mtu kwa AFCON ya 2027, mashindano ya soka ya Afrika yatakayochezwa kwetu na kwa majirani: atakayeanza shahada ya miaka mitatu mwishoni mwa 2026 atamaliza 2029, mashindano yameshasahaulika.

Hatua ya 3: Sifa

Hapa ni kwa kifupi. Kozi nyingi zinataka principal pass mbili, yaani ufaulu wa A hadi E kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1), au stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0. Masharti ya kila kozi yako kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ukipungukiwa, kuna stashahada za Chuo cha Taifa cha Utalii hapa Dar, au za michezo kule Malya, Mwanza. Kabla ya kulipa, kiulize chuo cha shahada unachokilenga kama kinaipokea stashahada hiyo.

Hatua ya 4: Pesa

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu una mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Usidhani utapata yote. Chukua ada ya chuo, ongeza raba, nguo za mazoezi na nauli, kisha ujiulize: fungu la ada likija nusu, nani atajazia? Jibu likiwa “Mungu”, tafuta chuo chenye ada ndogo.

Nyaraka zianze mapema. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Kaya yenu ikiwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, usione aibu kuandika, maana ndiyo hali yenyewe inayopimwa.

Na bumu, yaani huo mkopo, ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi.

Hatua ya 5: Vyeti vidogo

Usisubiri mwaka wa tatu. Cheti cha huduma ya kwanza, uokoaji majini, leseni ya ukocha ya CAF (shirikisho la soka Afrika) kuanzia daraja D. Mwanafunzi wa fildi akija kwangu na cheti cha uokoaji, siku hiyohiyo anakaa bwawani na wageni. Asiye nacho anahesabu taulo.

Hatua ya 6: Namba ya simu

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Jaza laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Binamu yangu alijaza ya shemeji, shemeji akasafiri kwenda Tunduru, na dirisha la kuthibitisha likafungwa simu haijapatikana.