Kufufua Massey Ferguson kuukuu kwenye hewa ya bahari

Ukipita mashamba ya Gede, Magarini au Hindi, huku pwani ya Kenya, hutakosa kuona trekta dogo jekundu chini ya mkorosho, magurudumu yamezama mchangani na kuku ametaga kitini. Mwenyewe atakwambia injini imekufa. Mara nyingi haijafa, imeshika kutu tu kwa kusimama miaka mingi mbele ya upepo wa chumvi. Kwa hiyo chumvi ndiyo ya kutoa kwanza, kisha vilivyoshikana viachanishwe polepole, na kuwasha kuje mwisho kabisa. Anayeanza kwa betri mpya na kamba ya kuvutia huishia kutafuta injini nyingine.

Trekta lipi

Kwa mwenye kuanza, tafuta Massey Ferguson 35 ya silinda tatu, au 135. Babu yao ni Ferguson TE20 ya kijivu, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Hiyo ndiyo kipenzi cha wakusanyaji, lakini nyingi ni za petroli na vipuri vyake ni vya kuagiza. Iache iwe trekta lako la pili.

MF 35 nyekundu ilianza mwishoni mwa 1957. Za dizeli za mwanzo zilifungwa injini ya Standard ya silinda nne, mbishi kuwaka asubuhi hata ilipokuwa mpya. Baadaye ikaja Perkins A3.152 ya silinda tatu, lita 2.5, na ukoo huohuo ukaendelea kwenye 135. Pakistan na India ziliendelea kuunda matrekta ya injini za ukoo huu kwa miongo kadhaa, ndiyo maana ringi, gasketi na pampu za maji hazijaadimika. Agiza Mombasa, basi litakuletea. Kuitambua injini hakuhitaji karatasi: hesabu injekta (vipulizia dizeli). Zikiwa tatu, kaa muongee bei. Zikiwa nne, teremsha bei sana au aga uende zako.

Kabla ya kutoa pesa, kagua rimu za nyuma penye tundu la vali. Zamani matairi yalijazwa maji yenye kloridi ya kalsiamu ili trekta liwe zito, na maji hayo hula rimu kutoka ndani. Ukiona rangi imevimba kuzunguka vali, gonga kwa bisibisi. Ikitoboka, hesabu gharama ya rimu. MF 35 kwa kawaida huvaa matairi ya 6.00-16 mbele na 10-28 au 11-28 nyuma. Uliza logibuku siku hiyohiyo, na ulinganishe namba iliyoandikwa humo na ya kwenye trekta. Bila hiyo, utakuwa umenunua pambo la uwani.

Mkaazi wa kisiwani Lamu ajue mapema kwamba trekta lake litaishi Mokowe au Hindi. Vichochoro vya mji vina nafasi ya punda na shehena yake, basi.

Chumvi kwanza

Osha trekta zima kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu, kila safari siku yake, na uliache likauke katikati. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Ukiosha kwa hayo unaipaka upya. Tumia maji ya mvua ya jabia au tangi la paa la mabati. Kabla ya kuosha, ziba bomba la moshi, mdomo wa kuingizia hewa na kifuniko cha mafuta ya injini kwa mfuko na mpira uliokatwa kwenye tyubu.

Vipande vidogo vya chuma vilivyoliwa na kutu (mabano, vishikio, boneti isiyo na matundu) visafishe kwa umeme na magadi. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na kijiko kikubwa kimoja cha magadi safi ya kufulia kwa kila lita nne. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 ufunge kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye chuma chakavu ulichokitundika ndani ya maji bila kugusana na kipande. Ukivigeuza waya, utakula kipande chako chenyewe. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, maji yake hugeuka sumu. Usitie alumini wala springi. Fanyia nje, mbali na moto, maana povu lile ni haidrojeni. Baada ya saa 12 hadi 24 kutu hubaki ukoko mweusi unaotoka kwa brashi ya waya. Suuza, kausha juani, na upake praima siku ileile. Wakati wa kusi, chuma kitupu kilicholala nje usiku mmoja huamka kimevaa unga wa rangi ya manjano.

Kuifungua injini iliyoshika

Hapa ndipo wengi huvunja. Usivute trekta kwa gari likiwa kwenye gia. Pistoni iliyoshika kwa ringi haiachii kwa nguvu ya namna hiyo; kinachoachia ni fimbo ya pistoni kupinda au ringi kukatika na kuchana silinda.

Kwanza legeza nati ya kutolea mafuta ya injini mpaka ianze kudondosha, usiitoe yote. Yakitangulia maji, maji yameingia ndani: acha yaishe, na uweke akilini kwamba huenda gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imekwisha. Kisha toa injekta tatu. Kama zimeshika, loweka pembeni kwa dizeli siku mbili na uzitikise kushoto kulia; usizichokonoe kwa tindo.

Changanya dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kama mililita 50 kwenye kila tundu, funika kwa kitambaa. Ongeza kila siku kwa siku tano hadi saba. Wakati unangoja, fungua kifuniko cha vali na ugonge kila vali kwa mpini wa nyundo wa mbao. Inayoshuka na kurudi ni nzima. Isiyorudi imeshika kwenye gaidi yake (bomba linaloiongoza vali). Ukizungusha injini hivyo, fimbo ya kusukumia vali itapinda. Lainisha vali kwanza.

Siku ya kuzungusha, weka gia huru, tia spana ndefu kwenye nati ya mbele ya krenkshafti na uvute kwa upande wa mzunguko wa kawaida, halafu urudishe. Unatafuta msogeo wa upana wa ukucha. Ukiupata, acha, ongeza mafuta, rudi kesho. Injini iliyosogea kidogo leo itazunguka duara zima ndani ya siku chache. Ikigoma wiki mbili, vua hedi uone kwa macho: silinda yenye mstari wa kutu usiozidi kina cha mkwaruzo wa kucha inaweza kusafishwa, yenye mashimo inahitaji slivu mpya (bomba la ndani la silinda).

Baada ya kuzunguka, usirudishe injekta hapo hapo. Zungusha kwa mkono mara kumi mafuta yaruke nje. Yakibaki juu ya pistoni na ukafunga, stata itayabana, na mafuta hayabaniki: fimbo ndiyo itakayopinda.

Mwaga mafuta yote, badilisha filta, tia 15W-40. Panga tapeti (mwanya wa vali) injini ikiwa baridi, milimita 0.30 vali zote. Kwa kila silinda tazama vali ya kuingiza hewa ikifunguka na kufunga, kisha endelea kuzungusha kidogo chini ya nusu duara. Hapo vali zote mbili za silinda hiyo ziko huru. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3.

Dizeli na hewa

Tangi lililosimama hujaa maji na utelezi mweusi unaoota kati ya maji na dizeli. Livue, lisukutue kwa dizeli na kokoto chache, kagua kwa tochi. Injekta zipeleke kwa fundi wa pampu azipime. Zirudishe pamoja na washa (pete) mpya za shaba, maana za zamani huvujisha mgandamizo hata ukizikaza vipi.

Kutoa hewa ndiko kunakomwangusha mgeni. Jaza tangi, legeza skrubu ya juu ya filta, piga kile kimkono cha pampu ndogo ya kuvutia mafuta mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye pampu ya injekta: anza na skrubu ya ubavuni, malizia na ya juu kwenye nyumba ya gavana (kidhibiti mwendo). Mwisho legeza nati za mabomba kwenye injekta na uzungushe kwa stata mpaka dizeli iteme. Kama kimkono kinalegea bila kusukuma chochote, usiilaumu pampu. Kijongoo chake (nundu ya kamshafti inayoiendesha) kimesimama juu. Zungusha injini duara moja, jaribu tena. Na usiweke kidole mbele ya injekta inayotema: dizeli ile hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali, si la plasta.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, vuta kizimio na uzungushe kwa stata mpaka geji ya presha ya mafuta ya injini ipande. Ndipo uwashe. Awepo mtu wa pili ameshika kipande cha ubao bapa karibu na mdomo wa hewa, kwani pampu iliyoganda inaweza kuachia dizeli bila kipimo na injini ikapaa bila kusikiliza kizimio. Ubao ukiziba hewa, itazima. Mkono usitumike. Geji ikishuka na isipande ndani ya sekunde 15, zima.

Redieta ijazwe maji ya mvua pamoja na kuulenti. Fundi wengi wa huku huitupa thamostati wakidhani joto la pwani halihitaji kizuizi. Irudishe. Injini inayokimbia baridi hutoa moshi mweupe, na dizeli isiyoungua huteremka kuchafua mafuta.

Klachi, haidroliki na mengineyo

Klachi ya trekta lililosimama huganda kwenye flaiwili. Pasha injini moto, izime, kanyaga pedali na uikaze chini kwa kijiti cha mti kwa siku kadhaa, nyingi huachia. Isipoachia, itabidi ukate trekta katikati, yaani utenganishe injini na giaboksi. Hapo kuna hatari moja ambayo ni lazima uizuie: ekseli ya mbele huchezea kwenye pini yake, kwa hiyo nusu ya mbele yenye injini ikiachana na giaboksi hulala upande. Pigilia kabari za mbao kati ya ekseli na sehemu ya mbele, kulia na kushoto, kabla ya kulegeza bolti hata moja. Tegemeza pande zote mbili kwa magogo mazito. Usitumie mawe ya matumbawe. Yanabeba nyumba lakini chini ya jeki hupasuka bila kuaga.

Mafuta ya giaboksi na haidroliki ni yaleyale, yako kwenye nyumba moja. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia raba iliyochanika chini ya mkono wa gia. Fungua vizibo vyote vya chini, si kimoja, uache usiku kucha. Jaza kwa kufuata kijiti cha kupimia.

Waya badilisha zote. Chumvi hupanda ndani ya ganda la waya kama shura ukutani: nje mzima, ndani unga wa kijani.

Rangi, na baada yake

Paka wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kabla masika hayajafika. Puliza asubuhi umande ukishakauka, uwe umemaliza kabla ya adhuhuri. Saa za jua kali rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga. Safari mbili za praima ya zinki, kisha tatu nyembamba za rangi. Boneti na mabawa ni nyekundu, injini na mwili ni kijivu. Anayepaka kila kitu chekundu, pamoja na mabomba, amepaka pikipiki.

Liweke chini ya banda la makuti lenye kupitisha hewa. Turubai la plastiki hukusanya jasho usiku na kulirudisha juu ya chuma. Jaza tangi pomoni, funika bomba la moshi kwa kopo, na kila wiki mbili liwashe dakika 30 mpaka lipate moto hasa. Dakika tano huacha maji mengi ndani kuliko yaliyokuwapo. Panya watakula waya mpya, kwa hiyo fuga paka au zipitishe kwenye bomba. Na ukisafiri msimu mzima, kijiti kile cha pedali ya klachi usikitupe: kanyaga, kaza, ndipo ufunge banda.