Ukaguzi wa kituo cha kuhamishia taka: anza na sakafu

Kituo hiki ni pale mikokoteni na gari ndogo zinapomwaga taka za mitaani ili zipakiwe gari kubwa kwenda jaani. Kwa Unguja jaa hilo ni Kibele. Taka zinatakiwa zipite tu. Zikilala, kituo kimeshakuwa jaa.

Wakaguzi wengi hukimbilia mafaili. Tazameni sakafu kwanza. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa, na maji ya taka yakishapenya humo hayachujwi vya kutosha. Maji ya visima tunayokunywa yanatoka humo humo.

1. Kabla ya kwenda, soma masharti ya kibali na ya cheti cha mazingira, ukiyaandika kwa namba zake. Sheria mama ni ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Namba 3 ya 2015, ndiyo iliyounda ZEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira Zanzibar. Fika asubuhi, gari hazijapakia. Wakati wa masika ndipo kasoro zinapojitokeza zaidi.

2. Sakafu. Mwaga ndoo ya lita 20 upande wa juu. Mteremko mzuri ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na maji yote yaingie mferejini. Yakituama, weka rula, piga picha. Tazama pia zege yenyewe: asidi ya taka zinazooza huila saruji, kokoto zikabaki wazi, kisha nyufa zikafuata. Jaribu kila ufa kwa waya mwembamba uone unazama kiasi gani.

3. Shimo la maji ya taka. Jioni kwaruza alama ukutani kwa msumari, usawa wa maji, na pampu izimwe. Asubuhi, kama yameshuka zaidi ya sentimita 1, shimo linavuja. Mvuke wa usiku mmoja haupunguzi kiasi hicho.

4. Umri wa taka. Yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Ukikuta vifuko vya kahawia, ukubwa wa punje ya mchele, ambamo mabuu hugeuka nzi, ujue uchafu uliowalea una siku nne au zaidi, daftari liseme litakavyosema.

5. Hesabu. Taka zilizoingia, toa zilizotoka. Baki lazima lionekane sakafuni. Lisipoonekana, uliza limetupwa wapi.

6. Sindano, betri za gari, mafuta machafu: visiwepo kabisa.

Kila kasoro iandikwe na namba ya sharti, picha na tarehe ya mwisho ya kurekebisha.

Maswali ya wanachama

*Ahsante sheikh. Mwenye kituo akidai vifuko vimekuja na taka?*
Inawezekana, ndiyo maana havitoshi peke yake. Mabuu yaliyokomaa hutafuta pakavu na giza, kwa hiyo chokoa pembeni mwa ukuta na chini ya kontena. Vikijaa huko, pamoja na maganda matupu, na hesabu ya hatua ya 5 haikai sawa, hoja yake imeanguka.

*Hatuna mizani.*
Pima kontena: urefu mara upana mara kina. Taka mbichi za jikoni zisizoshindiliwa huwa kilo 250 hadi 350 kwa mita moja ya ujazo, hivyo kontena la mita 7 za ujazo ni kama tani 2. Tumia kipimo kimoja kwa zinazoingia na zinazotoka.

*Wete hapa: kwetu ni kontena tu juu ya udongo, sakafu hamna.*
Basi hatua ya 2 imeshafeli, bibie, usiipe alama. Chimba sentimita 30 ubavuni mwa kontena. Udongo mweusi unaonuka unaonyesha maji yameshazama. Muulize sheha visima vilivyo karibu, viandike kwenye ripoti, na udai jukwaa la zege lenye ukingo kabla kontena halijarudishwa.