Usambamba katika maswali ya sarufi ya Kiingereza: namna ya kuyajibu kwenye SAT, ACT na TOEFL ITP

Mtahiniwa anayezungumza Kiswahili huingia kwenye maswali haya na shida ambayo vitabu vya maandalizi vilivyoandikwa Marekani havimtajii. Kiswahili kina umbo moja, "kuogelea", pale ambapo Kiingereza kina mawili: "swimming" na "to swim". Kwa hiyo sentensi kama "She likes swimming, reading, and to cook" sisi tunaisikia tu kama "anapenda kuogelea, kusoma na kupika", na haina kasoro. Mtihani unaihesabu kuwa kosa. Ushauri wa kawaida wa "chagua linalosikika vizuri" unamfaa aliyekua na Kiingereza nyumbani. Wewe tafuta jibu kwa macho, si kwa sikio.

Kanuni ya usambamba (kwa Kiingereza "parallelism") ni fupi: vitu vinavyounganishwa na kiunganishi kimoja viwe na umbo moja la kisarufi. Nomino na nomino, kivumishi na kivumishi, -ing na -ing, kishazi na kishazi. Ugumu uko katika kujua ni vitu gani hasa vimeunganishwa, na hapo ndipo watunga mitihani wanapoficha mitego yao.

Kwanza ujue unakwenda kufanya mtihani gani. SAT na ACT ni mitihani ya kuingia vyuo vikuu vya Marekani, na TOEFL ITP hupima Kiingereza cha wasiokua nacho nyumbani. SAT ya sasa, inayofanywa kwenye kompyuta, ina maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, yaliyogawanywa katika moduli mbili za maswali 27. Humo usambamba hauji peke yake mara nyingi. Hujificha ndani ya maswali ya umbo la kitenzi na ya alama za uandishi. ACT hupigia mstari sehemu ya sentensi na kukupa machaguo, moja likiwa "NO CHANGE", yaani acha ilivyo. Toleo lake lililoanza 2025 lina maswali 50 ya Kiingereza kwa dakika 35. TOEFL ITP ya ngazi ya kwanza ndiyo inayoupenda usambamba kuliko zote mbili: sehemu yake ya pili ina maswali 40 kwa dakika 25, 15 ya kujaza pengo na 25 ya kutafuta neno lenye kosa kati ya manne yaliyopigiwa mstari. Ukikuta vitabu vya zamani vya GMAT, mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili ya biashara, vimejaa maswali ya kusahihisha sentensi, vitumie kwa mazoezi, lakini GMAT yenyewe iliyaondoa kwenye toleo lililoanza Novemba 2023.

Dalili ya swali la usambamba iko kwenye machaguo. Yatazame kabla hujasoma sentensi mara ya pili. Ukiona kitenzi kilekile katika maumbo manne, na ndani ya sentensi kuna "and", "or", "but", "nor" au "than", umelipata. Chukua mfano huu:

Wangari Maathai founded the Green Belt Movement in 1977, won a seat in Parliament in 2002, and ______ the Nobel Peace Prize in 2004.

A) receiving
B) to receive
C) received
D) she received

Anza na kiunganishi, yaani "and" iliyo kabla ya pengo. Kisha rudi nyuma utafute wenzake wa pengo ambao mtihani haukuruhusu kuwabadilisha: "founded" na "won". Hao ndio wanaotoa amri. Chochote kilicho nje ya pengo au nje ya mstari ni sahihi, na wewe unakifuata. Mwisho tafuta shina, yaani maneno yanayotangulia orodha na kuhudumia kila kitu ndani yake. Hapa shina ni "Wangari Maathai". Kwenye karatasi ya kufanyia kazi andika orodha wima:

Wangari Maathai
– founded the Green Belt Movement
– won a seat in Parliament
– received the Nobel Peace Prize

Soma shina pamoja na kila mstari mmoja mmoja. Kila mstari ukisimama kuwa sentensi kamili, umemaliza. Jibu ni C. Kuandika hivi huchukua sekunde chache, na herufi za mwanzo tu zinatosha.

D ndilo chaguo linalotunasa sisi, na sababu yake inaeleweka. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji wake kila mahali: "alianzisha, akashinda, akapokea". Hiyo a- inafanya "she received" ionekane ya kawaida kabisa. Kwa Kiingereza mtendaji ameshatajwa kwenye shina, na vitu viwili vya kwanza vinamtumia yeye. Cha tatu hakiruhusiwi kuja na mtendaji wake.

Kama pengo liko kwenye kitu cha kwanza cha orodha, jambo ambalo ACT hulifanya, usirudi nyuma. Nenda mbele ukatazame cha pili na cha tatu.

Shina linaweza kuishia na "to" au kihusishi kama "in", "for" na "by", na hapo kuna kanuni ndogo inayosahaulika. Neno hilo ama litajwe mara moja mwanzoni, ama lirudiwe mbele ya kila kitu. "To read, write, and speak" ni sahihi. "To read, to write, and to speak" nayo ni sahihi. "To read, write, and to speak" si sahihi, kwa sababu haijulikani unafuata utaratibu upi. Vivyo hivyo "in Lamu, in Tanga, and Zanzibar".

Vivumishi vina shida yao. Kwetu ni kawaida kusema "karani mpya ni mwaminifu, mpole na ana subira", tukatoka kwenye kivumishi hadi kwenye "ana" bila mtu kushtuka. Ukiihamisha hiyo kwa Kiingereza unapata "The new clerk is honest, polite, and has patience". Mtihani unataka "patient". TOEFL ITP hulifanya kosa hili kuwa dogo zaidi, la neno moja: "The climate there is hot, dry, and wind." Maneno matatu, mawili vivumishi, la tatu nomino. Jibu ni "windy". Kwenye maswali ya kutafuta kosa, kila orodha ya maneno mafupi matatu ikague miisho yake: -y, -ous, -al na -ful kwa kawaida ni vivumishi, -tion, -ness, -ment na -ity ni nomino.

Sehemu inayopoteza alama nyingi ni ya viunganishi vya jozi: "either… or", "neither… nor", "both… and", "not only… but also", "between… and". Hapa kuna mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni jozi yenyewe. "Both" haiendi na "as well as", "between" haiendi na "to", "neither" haiendi na "or". Kwenye ITP mara nyingi kosa ni hilo tu, na ukilijua unalijibu kwa sekunde kumi. La pili ni kinachofuata. Neno linaloifuata nusu ya kwanza na neno linaloifuata nusu ya pili lazima yawe ya aina moja. Tazama:

The engineer repaired not only the pump but also trained two operators.

Weka kidole baada ya "not only": "the pump", nomino. Weka kingine baada ya "but also": "trained", kitenzi. Havilingani. Dawa ni kuihamisha "not only" iwe mbele ya kitenzi: "The engineer not only repaired the pump but also trained two operators." Sasa ni "repaired" na "trained". Kwenye mtihani, sehemu iliyopigiwa mstari ndiyo inayoamua utengeneze upande gani. Kama mstari uko mwishoni na "repaired not only the pump" haiguswi, basi jibu litakuwa nomino, kwa mfano "but also the pipes". Usitegemee tafsiri hapa: "tu" ya Kiswahili hukaa nyuma ya kitu ("hakutengeneza pampu tu"), ilhali "not only" hukaa mbele, kwa hiyo mpangilio wa kichwani hautakuonyesha mahali pake.

Ulinganisho wa "than" na "as" ni usambamba pia, ingawa wengi hawaufikirii hivyo.

The heart rate of a hummingbird is far higher than ______.

Machaguo ya kawaida yatakuwa "an elephant", "elephants", "that of an elephant" na "those of an elephant". Kinacholinganishwa ni mapigo ya moyo, si mnyama, kwa hiyo mawili ya kwanza yanaanguka. "Heart rate" ni umoja, kwa hiyo ni "that of an elephant". Kama sentensi ingeanza na "The wings of…", lingekuwa "those of". Ukikuta "an elephant's" peke yake, nalo ni sahihi. Kiswahili sanifu kina kifaa hichohicho, "kuliko ya tembo", ila kwenye mazungumzo tunakiacha na kusema "kuliko tembo", na mtu anaelewa. Mtihani haujali kwamba mtu anaelewa.

Halafu kuna mitego ya upande wa pili, inayomnasa aliyeshika kanuni kwa nguvu mno.

Si kila -ing iliyo baada ya koma ni sehemu ya orodha. "The river overflowed in April, flooding farms and ______ off two villages." Mwanafunzi anaona "overflowed" na kuchagua "cut". Lakini "and" hii haikuunganisha pengo na "overflowed". Imeliunganisha na "flooding", ambayo inaeleza matokeo ya mafuriko. Jibu ni "cutting". Tazama pia alama: kama kungekuwa na koma baada ya "farms", maneno "flooding farms" yangejitenga kama maelezo ya kando, na hapo "cut" ingeweza kuungana na "overflowed". Koma moja hubadilisha mwenza wa pengo. Kwa hiyo kabla ya kuamua, soma alama zilizo pande zote mbili za kiunganishi.

Orodha inaweza kuwa na orodha ndogo ndani yake. "The nurse cleaned the wound with water and gauze, wrapped it, and told the patient to rest and drink fluids" ni sahihi kabisa. Shina kubwa lina vitenzi vitatu, "cleaned, wrapped, told". "Water and gauze" na "rest and drink" ni jozi za ndani. Anayechanganya ngazi hizi huanza kulinganisha "drink" na "cleaned" na kuona kosa ambalo halipo.

Wala usambamba si kulazimisha njeo moja. "She studied law in Nairobi and now works in Arusha" haina kosa. Vyote viwili ni vitenzi kamili vya mtendaji mmoja. Wakati umebadilika kwa sababu maana imebadilika, na "now" imekwambia hivyo.

Kwenye SAT utakutana na sura nyingine, ya nukta mkato (;). Vitu vya orodha vikiwa na koma ndani yake, vitenganishwe kwa nukta mkato, na alama iwe ileile orodha nzima: "Kigali, Rwanda; Kampala, Uganda; and Bujumbura, Burundi". Chaguo lenye nukta mkato pa kwanza na koma pa pili lifute bila kusoma zaidi.

Kuhusu muda, ITP inakupa chini ya sekunde 40 kwa swali, na orodha wima huenda isiingie. Badala yake zungushia kwa macho kiunganishi, taja kimoyomoyo aina ya neno lililo kulia kwake ("kitenzi", "nomino", "-ing"), kisha tafuta kushoto neno la aina hiyo. Usipolipata, kosa liko kwenye mojawapo ya hayo mawili, na lililopigiwa mstari ndilo jibu. Ukilipata, acha orodha hiyo uende kukagua umoja na wingi wa kitenzi.