Somo: Ukialikwa kwenye Kipindi cha Mazungumzo cha Televisheni, Nawe Watoka Lamu

Msimu wa Maulidi unapokaribia, simu za watayarishaji wa vipindi huanza kulia hapa Lamu, na mwaka huu wanachama watatu wa kikundi chetu wameniandikia kuomba maelezo ya namna ya kujiandaa. Nimekwenda studioni mara kadhaa, nyingine zikanifurahisha na moja ikaniaibisha, kwa hiyo nitaeleza yale niliyojifunza kwa mpangilio wa hatua, ingawa hatua zenyewe hazina uzito sawa.

Kabla ya yote, fahamu kwamba mgeni kutoka Lamu huitwa kama pambo. Hutarajiwa avae kanzu, asifie halwa, aeleze kwa nini mji una punda wengi kuliko magari, kisha aage. Halafu, dakika kumi kabla ya kipindi kwisha, mwendeshaji hugeuka na kumuuliza juu ya bandari, ardhi au usalama, naye hushikwa na kigugumizi kwa sababu alijiandaa kuzungumzia utamaduni. Mimi nashikilia kwamba kwetu mambo hayo mawili hayatengani, na ndiyo sababu matayarisho yote ninayoyaeleza hapa yanalenga kumtoa mgeni kwenye upambo na kumweka kwenye ushahidi.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kukubali

Muulize mtayarishaji kama kipindi kinarushwa moja kwa moja au kinarekodiwa, kitachukua dakika ngapi, wageni wengine ni akina nani na mada imeandikwaje kwenye ratiba yao. Uliza pia juu ya nauli na malazi, na usione haya, kwani vipindi vingi vya namna hii havilipi mgeni, na safari ya kutoka Lamu si ya kuvuka barabara: ni boti hadi Mokowe kisha basi la siku nzima, au boti hadi Manda kisha ndege.

Siku ile niliyoaibika niliambiwa mada ni "utamaduni wa Waswahili". Nilipofika nikaketishwa katikati ya wanasiasa wawili waliokuja kuvutana juu ya hatimiliki za ardhi, na katika saa nzima nilipata nafasi ya kusema kwa muda usiozidi dakika tatu. Kituo kilikuwa na makosa yake, lakini mimi sikuuliza nimeketishwa na nani.

Hatua ya pili: chagua jambo moja, na ulitafutie kitu cha kushikika

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wetu hupita mbio. Mtazamaji hawezi kubeba mambo saba. Chagua moja, kisha tafuta kitu ambacho mtu aliyeko Kakamega au Dodoma anaweza kukiona akilini bila kuwahi kufika Lamu.

Chukua mfano wa boriti. Ukiulizwa juu ya nyumba za mji wa kale ukajibu kwamba ni za kale na za kupendeza, umesema kweli, lakini hakuna atakayekumbuka. Sasa mweleze mtazamaji kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama ukumbi wa kupitia kwa sababu dari yake ya mawe na chokaa imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ukuta mmoja uko mbali na mwingine kwa zaidi ya takriban mita tatu. Kwa hiyo aliyeamua upana wa sebule ya Mwamu, yaani mtu wa Lamu, hakuwa fundi wala tajiri mwenye nyumba, bali mti uliosimama kwenye tope la bahari. Hapo amekuona, na hapo mwendeshaji mwenyewe atasogeza kiti.

Uzuri wa mfano kama huo ni kwamba unakuvusha hadi kwenye mambo ya umma bila kuruka. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mnamo Februari 2018, marufuku hiyo iliwafikia pia wakata mikoko wa Lamu, ambao kwao fito, pau, mazio, boriti na nguzo, yaani miti ya mikoko ya unene mbalimbali, ni bidhaa tofauti zenye bei tofauti. Mji wa kale nao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwenye nyumba hutakiwa adumishe ujenzi wa asili. Basi mtu yuleyule aliyeambiwa ailinde dari ya boriti alijikuta haruhusiwi kupata boriti mpya. Hilo ni swali la utamaduni au la sera? Mwache mwendeshaji alijibu.

Hatua ya tatu: andika tarehe na hesabu kwenye kadi

Usiziamini kumbukumbu zako chini ya taa za studio. Nimemsikia mwenzetu mmoja, tena mtu mzima anayeheshimika, akisema hewani kwamba Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno. Ngome ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela, yapata 1813, na ikakamilika 1821, wakati Wareno walikwisha kuondoka pwani hii zamani, na waliotusaidia kuijenga ni Waomani. Kosa hilo lingeepukwa kwa kadi yenye ukubwa wa kiganja.

Kuhusu mambo ya sasa, tenganisha kwa uangalifu kilichoamuliwa na kilichotendeka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari. Ukisema "wavuvi walilipwa" umesema neno jingine kabisa. Vivyo hivyo, mnamo Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na kasoro, na hilo si sawa na kusema kwamba makaa ya mawe yamepigwa marufuku Lamu. Gati ya kwanza ya bandari ilizinduliwa Mei 2021. Mambo haya matatu hutajwa karibu katika kila kipindi, kwa hiyo yaandike.

Hatua ya nne: mavazi

Kanzu nyeupe, ambayo kwetu ndiyo heshima yenyewe, huisumbua kamera. Mashine hupima mwangaza wa picha nzima, na ikikutana na weupe mwingi hupunguza nuru, matokeo yake kanzu ikang'aa na uso wa mwenyewe ukawa kama umo kizani. Dawa yake ni kuvaa koti juu ya kanzu, au kuchagua kanzu ya rangi ya maziwa au ya kijivu. Kofia ya vito haina tatizo. Epuka kitambaa chenye mistari myembamba iliyosongamana, maana kwenye skrini hutambaa na kumetameta kama samaki wadogo majini; mistari mipana ya kikoi haina shida. Uliza pia kama ukuta wa nyuma ni wa kijani, kwani katika studio za aina hiyo kila kilicho kijani hufutwa na kuwekwa picha nyingine mahali pake, na sharifu mwenye kilemba cha kijani anaweza kuonekana amebaki na uso tu.

Ukiombwa upakwe poda, kubali. Ni ya kuzuia jasho lisimeremete, si urembo.

Hatua ya tano: lugha

Baadhi ya wenzetu hujilazimisha kusema Kiswahili sanifu hadi sauti ikakauka, na wengine husema Kiamu kitupu, lahaja yetu ya Lamu, hadi mtazamaji wa bara akapotea. Kiamu si kosa la kusahihishwa. Ninachoshauri ni kwamba neno linalobeba hoja lisemwe mara mbili. Ukisema "mayi ya kisima yameingia munyu", ongeza papo hapo kwamba maji ya kisima yameingia chumvi, kisha endelea. Ukisema "muyi", sema na "mji" katika sentensi inayofuata. Mtazamaji atajifunza neno, nawe hutakuwa umejikana.

Hatua ya sita: kikao chenyewe

Mtazame mwendeshaji, usiitazame kamera. Fupisha salamu: zile zetu za kuulizana hali ya nyumba, watoto, bahari na majirani zinaweza kumaliza dakika nzima ya kipindi. Toa jibu kwanza, maelezo yafuate. Usimtaje mtu kwa ubaya usioweza kuuthibitisha, na ukumbuke kwamba uhuru wa kujieleza uliomo katika kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 haugusi uchochezi wala matamshi ya chuki. Na hadi fundi akuvue maiki, chukulia kwamba kila unalonong'ona linasikika kwa mtu fulani aliyevaa vifaa vya masikioni katika chumba usichokiona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama kutoka Faza: Maalim, asalaam aleikum. Mimi navaa buibui na ushungi. Nimesikia kwamba maiki hubandikwa kifuani na mafundi wa sauti aghalabu ni wanaume. Nitafanyaje?

Waaleikum salaam, dadangu. Mwambie mtayarishaji mapema, si pale mlangoni, kwamba utahitaji fundi wa kike au upewe maiki uivae mwenyewe. Fundi atakuonyesha kwa kidole upitishe waya wapi. Ibandike juu ya ushungi, upande wa nje, kwa sababu ikiwa ndani kitambaa kitaisugua na watazamaji watasikia mkwaruzo kila ukigeuza kichwa. Bangili nazo ziache kwenye mkoba. Zikigonga meza husikika kuliko sauti yako.

Mwanachama kutoka Mkomani: Mimi nimeombwa nihojiwe kwa njia ya simu nikiwa nyumbani. Nyumba ni ya mawe, na intaneti ndani ni dhaifu.

Kuta zetu nene huikaba kweli intaneti, na wengi hukimbilia darini, juu ya paa, ambako pepo za kusi huifanya sauti iwe mvumo mtupu. Kaa ghorofa ya juu ndani ya chumba chenye dirisha, uso ukielekea dirishani, na ulaze simu upande badala ya kuisimamisha. Tandika mkeka na utundike shuka ukutani ili mwangwi upungue. Mpe mtayarishaji nyakati za adhana, kwani Lamu ina misikiti mingi iliyokaribiana na adhana hupokezana kwa dakika kadhaa. Punda hana ratiba. Akilia, nyamaza mpaka amalize, kisha endelea pale ulipoachia bila kuomba radhi mara tatu.

Mwanachama kutoka Langoni: Ami, mwendeshaji akiniuliza kama Maulidi ni halali au ni bidaa, yaani uzushi katika dini, nijibu vipi?

Mwanangu, kama wewe si mwanachuoni usitoe fatwa kwenye televisheni. Eleza unachokijua kwa macho: kwamba Maulidi ya Lamu yamefungamana na Msikiti wa Riyadha na kazi ya Habib Swaleh, aliyekuwa na asili ya Ngazija na aliyewafungulia elimu hata watu ambao wakati ule hawakukaribishwa kwenye darsa za wakubwa, kwamba kuna ngoma za matwari, ziara, mashindano ya mashua na mbio za punda, na kwamba wageni hufurika mji mzima. Kisha sema waziwazi kwamba wanachuoni wanahitilafiana juu ya hukumu yake na kwamba swali hilo waulizwe wao. Akikushikilia, rudia jibu lilelile kwa maneno yaleyale. Mwendeshaji huchoka kabla yako.

Mwanachama kutoka Shela: Walinirekodi kwa saa nzima, wakatoa sekunde arobaini, tena sentensi niliyokuwa nikiipinga ikaonekana kana kwamba ni yangu.

Pole sana. Kukata si kosa, kupotosha ni kosa. Mwandikie mhariri barua fupi, utaje tarehe, saa na sentensi yenyewe, na uombe marekebisho. Usiporidhika, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lina chombo cha kusikiliza malalamishi. Safari nyingine, waambie kwamba nawe unajirekodi kwa simu yako, na ukitaja hoja ya mpinzani anza na "wapo wanaosema, nami siafiki, kwamba…", ili ukanusho uwe ndani ya sentensi na usiweze kukatwa kirahisi.

Mwanachama kutoka Malindi: Maalim, sisi wa Malindi kila tukialikwa huulizwa juu ya Vasco da Gama na nguzo yake, kana kwamba mji ulizaliwa siku aliyotia nanga. Tufanyeje?

Swali hilo haliepukiki, basi litangulie. Ukipewa nafasi ya kujitambulisha tu, eleza kwamba mnamo 1415, miaka zaidi ya themanini kabla ya mashua za Wareno kuonekana, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China kama zawadi kwa mfalme. Kila mtu anamjua twiga, na kila mtu atataka kujua alipandishwaje chomboni. Mwendeshaji atakufuata huko, na 1498 itakuwa swali la pili.