Dumu la maji linatosha: mazoezi ya nguvu kwa wanawake

Akina mama ninaowafundisha hapa Mwanga, Kigoma, huanza na swali moja: "Mwalimu, sitatoka misuli kama mwanaume?" Hapana, dada. Misuli ile hujengwa kwa msaada wa testosteroni, homoni ya kiume, na mwanaume anayo zaidi ya mara kumi ya yako.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye presha apite zahanati kwanza.

Hatua ya 1. Jaza maji dumu la lita 5. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo huna haja ya mizani.

Hatua ya 2. Likumbatie kifuani, simama mbele ya kigoda, chuchumaa mpaka makalio yaguse, kisha inuka. Magoti yasiingie ndani. Mara 8 hadi 10, pumzika dakika mbili, rudia mizunguko mitatu.

Hatua ya 3. Chukua dumu la lita 20, ulijaze nusu, uliweke katikati ya miguu. Sukuma nyonga nyuma, mgongo umenyooka, linyanyue. Usipinde mgongo kama unapalilia. Idadi ileile.

Hatua ya 4. Pushapu, yaani kujisukuma kwa mikono: anzia ukutani, baadaye mezani, mwisho chini.

Hatua ya 5. Ongeza maji. Utasema umebeba ndoo tangu utoto. Kweli, lakini ni ndoo ileile, na mwili ulishaizoea. Mara 10 zikiwa rahisi, ongeza lita moja au mbili. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, ukiruka siku katikati.

Wenye miaka 40 na kuendelea, hapa nawasihi. Mama yangu alivunjika nyonga kwa kuteleza tu uani. Hedhi ikikoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na ndiyo iliyokuwa ikizuia mifupa isiliwe haraka. Mazoezi hayairudishi, nisikudanganye. Ila msuli unapouvuta mfupa kwa uzito, seli za mfupa hupata ishara ya kujenga. Tena msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kwenye damu, na insulini, homoni inayoshusha sukari, hufanya kazi yake vizuri zaidi.

Hatua ya 6. Kula. Dagaa, migebuka, maharage, kila mlo uwe na kimojawapo. Kuna wanaojinyima ili wapungue upesi huku wakifanya mazoezi makali; mwili ukikosa chakula hupunguza homoni za uzazi, na hedhi hupotea. Ikikukuta hivyo, pima mimba kwanza. Kama haipo, punguza mazoezi, ongeza chakula, na umwone daktari.