Kupima sumu ya maji ya mto kwa seli za matamvua ya samaki

Seli za binadamu zinataka nyuzi 37 na mtungi wa hewa ya ukaa. Mtungi ukiisha Jumamosi usiku, umeumia. Mimi natumia RTgill-W1, seli za matamvua ya samaki trauti. Hukaa nyuzi 19, hazidai gesi, na kipimo chake kina kiwango rasmi, ISO 21115 cha 2019.

Hatua ya 1. Teka maji kwa chupa ya kioo, ijaze pomoni, iweke kwenye barafu. Plastiki hunasa baadhi ya sumu njiani.

Hatua ya 2. Siku moja kabla, panda seli 350,000 kwa kila kisima kwenye bamba la visima 24 (vishimo vidogo vya kuwekea seli). Kesho yake ziwe zimetanda kama vigae, bila mapengo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo niliwahi kuaibika. Nilimwaga maji ya mto moja kwa moja juu ya seli. Zikavimba, zikapasuka, nami nikaanza kuandika ripoti ya kutisha. Bahati nzuri nilijaribu na maji safi ya maabara. Zikapasuka vilevile! Hazikuuawa na sumu, bali na ukosefu wa chumvi.

Kwa hiyo pima chumvi, galaktosi na piruvati za midia (maji ya kuhifadhia seli) ya L-15/ex, uziyeyushe ndani ya sampuli yenyewe. Rekebisha pH, kisha pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22 kuondoa bakteria. Sumu iliyoshikana na tope itabaki kwenye kichujio, basi liseme hilo kwenye ripoti. Seramu ya ndama usitie: protini zake hushika sumu, na maji machafu yataonekana safi.

Hatua ya 4. Weka sampuli ya asilimia 100, 50, 25 na 12.5, visima vitatu kila moja. Ongeza visima vya maji safi yenye chumvi zilezile, vya sumu ya 3,4-dikloroanilini (seli hizo lazima zife), na vya sampuli bila seli, maana maji ya mto yenye rangi hung'aa yenyewe. Acha saa 24.

Hatua ya 5. Tia rangi mbili za kupimia seli, alamarBlue na CFDA-AM, nusu saa gizani, soma mng'ao. Halafu rangi ya tatu, Neutral Red, kwa saa moja. Ya kwanza huonyesha uhai wa seli, ya pili uzima wa utando, ya tatu lisosomu, yaani vifuko vya kusaga taka ndani ya seli. Toa mng'ao wa visima visivyo na seli, kisha linganisha na maji safi.

Kisima kilichokufa hakikwambii kama ni shaba au dawa ya magugu. Bakiza nusu chupa kwenye friji kwa ajili ya watu wa kemia.