Kuandaa wimbo wa kwanza wa kikundi: sisi tulianza kwa kuhesabu nguzo

Baba yangu alikuwa fundi redio hapa Malindi, na jioni akishafunga kibanda alituwekea nyimbo za kantri. Kwa hiyo nilipoanza kupiga kinanda kwenye harusi za mitaa ya Shela na Maweni, kantri nilikuwa nayo kichwani pamoja na chakacha na bango, miziki ya pwani yetu. Mwaka huu kikundi chetu kinaandaa wimbo wake wa kwanza, na vijana wa mtaa wa Barani wananiuliza kila siku tunafanyaje. Nawaandikia hapa.

Mwalimu wetu ni wimbo mmoja wa Diamond Rio, kikundi cha Nashville, Marekani. Unaitwa "Meet in the Middle", yaani tukutane katikati. Ulitoka 1991, na Diamond Rio wakawa kikundi cha kwanza cha kantri ambacho wimbo wake wa kwanza kabisa ulifika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni bahati. Lakini kikundi kile kilianza 1982 kwa jina jingine, kikitumbuiza wageni katika bustani ya burudani ya Opryland, na wanamuziki wakaingia na kutoka kwa miaka kadhaa mpaka wakapatikana wale sita walioupiga wimbo huu. Walipoingia studio walikuwa wameshazoeana hata pumzi. Kikundi chenu kikiwa na miezi mitatu, pigeni harusi kwanza.

Maneno. Tafuteni hadithi inayopimika. Wimbo ule unaanza na hesabu: kati ya nyumba ya mvulana na nyumba ya msichana kuna nguzo 700 za ua. Kila mmoja anatoka kwao, wanakutana chini ya msonobari mkongwe, mti ambao kwa mbali unafanana na mvinje wetu wa ufukweni. Wakishaoana, siku wakigombana wanaukumbuka mwendo uleule, kila mmoja anasogea kidogo. Hadithi nzima imesimama juu ya zile nguzo.

Sisi rasimu yetu ya kwanza ilisema mapenzi ni mapana kama bahari. Niliifuta. Mtu wa Malindi anaiona bahari tangu utotoni, hata ukimwimbia upana wake humwambii jipya. Nikatoka kwa miguu kutoka nyumbani kwa shangazi yangu, mtaani Shela, kuelekea gati, nikihesabu nguzo za stima. Zilikuwa 31. Ya 16, ile ya katikati, iko hatua chache kutoka kwenye mvinje. Nilirudi nyumbani na ubeti wa kwanza tayari.

Sasa sauti, na hapa ndipo nawaomba msiwe na haraka. Katika wimbo ule Diamond Rio waliimba kwa sauti tatu: Marty Roe aliongoza, Gene Johnson alipanda juu yake, Dana Williams alishuka chini yake. Sikilizeni wimbo huo usiku mmoja mkimfuata wa juu tu, usiku wa pili wa chini tu. Wa chini ndiye mgumu kumshika, tena ndiye anayeubeba wimbo. Kisha jaribuni wenyewe kwa do re mi. Kiongozi akiwa kwenye do, wa juu achukue mi, na wa chini achukue so ya chini. Kiongozi akipanda mi, wa juu aende so, wa chini do. Akifika so, wa juu ashike do ya juu, wa chini mi. Imbeni ngazi hizo tatu polepole, bila maneno, mpaka msikie ile sauti inayovuma katikati yenu kana kwamba kuna mtu wa nne. Sisi ilituchukua wiki mbili, na siku ilipotokea mpiga gita wetu aliweka gita chini akalia.

Maneno yakiingia, Kiswahili kina sheria yake. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitikio chetu kilikuwa na neno "tukutane", nami nilikuwa nimeweka noti ndefu na pigo la ngoma kwenye "ku". Tuliimba mara kumi bila kuona kosa. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, mbona mwaimba kama wageni?"

"Wapi, shangazi?"

"Hapo kwenye tukutane. Mwavuta pasipovutwa."

Nikahamisha noti ndefu kwenye "ta", na kiitikio kikakaa. Tangu siku hiyo kila mstari tunausema kwanza kama mazungumzo, tukipiga kofi penye mkazo, ndipo tunauimba. Jambo jingine: maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hiyo mwisho wa mstari unabaki wazi, na mwimbaji mmoja akichelewa kufunga mdomo kila mtu atamsikia. Kubalianeni mnakata wapi. Mimi ninainua kidole kutoka kwenye kinanda, nao wanakata.

Ujaribuni wimbo mbele ya watu kabla ya kulipa studio. Sisi tuliupiga Buntwani jioni moja. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo tulivalisha maikrofoni sponji. Niliwatazama watoto: mara ya pili kiitikio kilipokuja walikuwa wanakiimba nasi. Ubeti wa tatu watu waligeukia simu zao, tukaupunguza nusu.

Studio inalipwa kwa saa, basi ingieni mkiwa mmeshamaliza kubishana. Rekodini ala kwanza, kisha sauti tatu pamoja, mkitazamana usoni. Kila jioni ondokeni na nakala kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili tofauti. Miaka ya nyuma rekodi yetu ya majaribio ilipotea mashine ya studio moja ilipoharibika, siku mbili za jasho zikaenda.

Kabla ya kuutuma popote, andikeni karatasi: nani katunga maneno, nani katunga muziki, nani kaimba tu, na mgao wa kila mmoja. "Meet in the Middle" haukutungwa na Diamond Rio. Watunzi ni Chapin Hartford, Jim Foster na Don Pfrimmer, na haki ya mtunzi si ile ya mwimbaji. Wekeni sahihi wote mkiwa bado mnapendana, kisha sajilini kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa redio, pelekeni wimbo ukiwa na jina la kikundi, jina la wimbo na namba ya simu kwenye faili lenyewe.

Sisi tunarekodi wakati wa kusi, kwa sababu mpiga besi wetu ni mvuvi na bahari ikichafuka huwa yuko nyumbani. Jumapili tunakwenda kwenye mvinje wa nguzo ya 16, bila kinanda wala spika, nisikie kama sauti tatu zinasimama zenyewe. Zikisimama, Jumatatu tunaingia studio.